Kabla hujabonyeza log: grafu ya kipeo inakata mihimili wapi?

Wanafunzi ninaowafundisha wakiona x imekaa juu, kwenye kipeo, mkono unakimbilia kikokotoo. Mimi huwazuia. Kabla ya kuuliza x ni ngapi, uliza kwanza kama grafu yenyewe inaufikia mhimili wa x. Kuna maswali mengi ambayo jibu lake ni "haiufikii", na hapo logi (log, hesabu inayotafuta kipeo) haina kazi.

Tutumie umbo hili: y = a·b^x + c. Namba b ndiyo inayobeba kipeo. Ni chanya na si 1. Namba a si sifuri.

Mhimili wa y ni rahisi, tuumalize. Weka x = 0. Kwa kuwa b^0 = 1, unabaki na y = a + c. Kwa mfano y = 3·2^x − 12 inakata kwenye 3 − 12, yaani (0, −9). Angalia tu kipeo chenyewe kimeandikwaje. Kwenye y = 2^(x+3) − 1, wapo wanaoandika 1 − 1 = 0 kwa mazoea ya "kipeo sifuri ni moja". Lakini kipeo hapo si sifuri, ni 3, kwa hiyo y = 8 − 1 = 7.

Sasa mhimili wa x, ambako ndiko kwenye kazi. Kumbuka b^x ni chanya siku zote. Hata x ikiwa −100, 2^x inakuwa sehemu ndogo mno, ila haiwi sifuri wala hasi. Maana yake a·b^x haibadilishi alama, na y haifiki c hata siku moja. Ichukulie c kama sakafu ikiwa a ni chanya, na kama dari ikiwa a ni hasi: grafu inaisogelea bila kuigusa. Sakafu ikiwa juu ya mhimili wa x, au ikiwa ndiyo mhimili wenyewe, grafu itashukaje hadi ikate?

Basi tazama alama za a na c. Zikitofautiana, grafu inakata mara moja tu. Zikifanana, au c ikiwa sifuri, haikati. Kwa y = 5·2^x + 10 ningeandika "haikati mhimili wa x" na kuendelea na swali linalofuata. Ukilazimisha, utapata 2^x = −2, na kikokotoo kitakugomea ukikipa logi ya namba hasi.

Alama zikitofautiana, weka y = 0 kisha iache b^x peke yake. Turudi kwenye 3·2^x − 12 = 0: hamisha 12, gawa kwa 3, unapata 2^x = 4, x = 2. Logi haijahitajika. Tafadhali usizidishe 3 na 2 ukaandika 6^x = 12; kipeo ni cha 2 peke yake. Njia hiyo inakupa x karibu 1.387, na ukiirudisha kwenye swali y inatoka kama −4.15, mbali na sifuri.

Logi inakuja namba zisipokubali. Kwa y = 4·3^x − 20 unafika 3^x = 5. Hapo x = log 5 ÷ log 3, karibu 1.465. Ukitumia logi asilia, ln, jibu ni lilelile, mradi utumie aina moja juu na chini. Hii si sawa na log ya (5 ÷ 3), ambayo ni karibu 0.222. Hapa napenda makadirio kuliko kuamini kioo cha kikokotoo: 3^1 ni 3, 3^2 ni 9, na 5 iko katikati yake, kwa hiyo x lazima iwe kati ya 1 na 2. Ile 0.222 inajiumbua yenyewe.

Jaribu y = 9 − 3^x. Hapa a ni −1, c ni 9, alama zinatofautiana. Dari ni 9, grafu inashuka kuelekea kulia, inapita (0, 8) na kukata mhimili wa x kwenye (2, 0).