Nani Hajaonekana? Jinsi ya Kuanza Huduma ya Kutembeleana Parokiani

Ukitaka parokia yako iwe na huduma ya kutembeleana, usianze na kuchangisha fedha wala kuchagua mwenyekiti. Anza kwa kuangalia mabenchi.

Karibu kila muumini ana mahali pake anapokaa kanisani, ingawa hakuna aliyempangia. Yule mzee wa Misa ya kwanza hukaa pembeni karibu na nguzo, apate pa kuegemeza fimbo yake. Dominika mbili sasa hayupo. Wanaokaa nyuma yake wameona, wanaokaa mbele wameona, na kila mmoja anaamini mwenzake ameshauliza. Hivyo ndivyo mtu anavyopotea akiwa katikati ya watu wanaompenda.

Mimi naratibu kikundi kinachotembelea wagonjwa, wafiwa na wapweke parokiani kwetu, na haya ndiyo ninayomwambia kila anayekuja kujiunga nasi. Naamini kwa moyo wote kwamba parokia nyingi zina huruma ya kutosha. Zinapungukiwa na mtu wa kuuliza "Nani hajaonekana?" na daftari la kuandika jibu.

Kabla ya lolote, nenda kwa paroko. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 529, zinamtaka awafahamu waumini wake, atembelee familia, ashiriki mahangaiko na misiba yao, na awatafute kwa bidii ya pekee maskini, wanaoteseka, wapweke na waliohamishwa kwao. Kazi hiyo haimalizwi na mtu mmoja hata awe na nguvu kiasi gani. Mwambie unataka kumsaidia kuibeba, muulize ni wagonjwa gani anaowafahamu tayari, na mkubaliane mambo yapi ni lazima yamfikie yeye mwenyewe.

Daftari

Katika kila Misa tafuta macho mawili au matatu. Wanaopokea watu mlangoni wanafaa sana. Anayegawa vitabu vya nyimbo anafaa pia. Usiwasahau watoto wanaohudumia altareni: wanakaa wakiwatazama watu usoni, nao huona mengi kuliko sisi tunaoangalia migongo ya wenzetu. Waambie tu wakiona mahali pa mtu pako wazi mara mbili mfululizo, wamtaje kwa mtu mmoja mliyemteua, baada ya Misa, kwa sauti ya chini.

Daftari lenyewe lina safu chache: jina, lini alionekana mara ya mwisho, nani anakwenda, siku gani, na nani anafuata zamu. Safu ya ugonjwa usiiweke. Daftari husahaulika juu ya meza ya sakristia, na mtu akilifungua asikute humo siri ya yeyote.

Sasa neno la kwanza la kumwambia aliyekosekana. Usimwambie, "Mbona siku hizi huonekani kanisani?" Hata ukilisema kwa tabasamu, linasikika kama shauri limefunguliwa, na mwenzako ataanza kujitetea. Sema, "Mama, tumekukosa. Nimekuja kukujulia hali." Kisha nyamaza. Mara nyingi kinachofuata ni kile ambacho hakuna aliyekijua: anamuuguza mumewe na hawezi kumwacha peke yake, au kazi imekwisha na anaona haya kupita mbele ya kapu la sadaka mikono mitupu, au alijibiwa vibaya na mwenzake kwenye kikao na hakuna aliyemfuata kumwomba radhi. Aliyekwazwa hahitaji kuhubiriwa umuhimu wa Misa. Msikilize mpaka mwisho, umuulize kama angependa uongee na mtu kwa niaba yake. Na anayeona haya kwa kukosa sadaka, kaa naye benchi moja Dominika inayofuata, usimpeleke nyuma. Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, aliwakemea Wakristo waliompa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri na kumwambia maskini asimame pembeni.

Zamu

Mwaka 1617, huko Châtillon nchini Ufaransa, Padre Vincent de Paul alikuwa anajiandaa kwa Misa alipoambiwa kuwa kuna familia nje kidogo ya mji ambayo wote wanaumwa na hakuna wa kuwahudumia. Akaisemea kwenye mahubiri. Baadaye siku hiyo naye akaenda kuwaona, akakuta njia imejaa waumini, wengine wanakwenda, wengine wanarudi. Waliletewa chakula kingi ambacho familia moja isingeweza kukila kabla hakijaharibika, na baada ya siku chache wangerudi kwenye njaa ileile. Vincent aliona kwamba upendo upo na mpangilio haupo. Akawakusanya wanawake wa parokia wakagawana siku, na kabla mwaka ule haujaisha walikuwa na kanuni zao za maandishi. Huduma ambayo leo imeenea duniani kote kwa jina lake ilianza na orodha ya zamu.

Tukio hilo nawasimulia wapya kwa sababu parokia zetu huenda kwa mtindo uleule. Tazama msiba. Siku ya kwanza nyumba haina pa kukanyaga. Watu wanasali, wanapika, wanalala hapohapo. Wiki ya pili wanakuja wachache. Mwezi ukiisha, mjane anakaa sebuleni jioni na viti vyote vimerudishwa vilikoazimwa, na hapo ndipo huzuni inapoanza kumkolea, kwa sababu shughuli zimekwisha na sasa kuna kimya tu.

Kwa hiyo siku ileile ya mazishi, fungua daftari uandike tarehe nne za mbele: wiki ya tatu, mwezi wa pili, mwezi wa sita, na siku mwaka utakapotimia. Kila tarehe iwe na jina la anayekwenda. Atakayekwenda mwezi wa sita asiogope kumtaja marehemu kwa jina. Wengi hukwepa wakidhani wanamkumbusha mfiwa uchungu, kumbe hajausahau hata saa moja, na anatamani kusikia mtu mwingine akilitamka lile jina. Muulize alikuwa anapenda nini, mwache asimulie, hata kama umeshaisikia hadithi hiyo. Akilia, kaa hapohapo. Huna kazi ya kumnyamazisha.

Ukiwa kando ya kitanda

Nendeni wawili, kama Yesu alivyowatuma wafuasi wake. Inawalinda mnaokwenda na inamlinda mnayemtembelea, na mkitoka mna mtu wa kutulizana naye. Kwa nyumba yenye mtoto au kijana hili halina mjadala: usikae naye faraghani peke yako.

Omba ruhusa siku moja kabla. Mgonjwa naye anapenda kuoga na kujitengeneza kabla ya mgeni. Mkifika, vuta kiti ukae macho yenu yalingane, maana anayesimama juu ya kitanda anaonekana yu njiani kuondoka. Dakika ishirini zinatosha, ila akitaka mwendelee, endeleeni.

Maneno mengine ni bora yabaki mdomoni. "Mungu ana makusudi yake" ni mojawapo. Mgonjwa akilisema mwenyewe, hiyo ni imani yake inasema, lakini likitoka kwako wewe mwenye afya linamfunga kinywa. Usimsimulie jirani yako aliyeumwa hivyo hivyo, wala dawa iliyomponya shangazi yako. Mpe habari za parokia: ndoa zilizotangazwa, wimbo mpya ambao kwaya inauhangaikia, nani amebatizwa. Anayekaa ndani miezi anazisubiri habari hizo kuliko mawaidha. Kisha muulize, "Ungependa tusali pamoja?" Akikubali, soma Injili ya Dominika iliyopita, ileile aliyoikosa, mmalize na Baba Yetu. Akisema leo hapana, itikia kwa moyo mweupe na mkae tu.

Msiondoke na lile "ukihitaji chochote utuambie." Hatawaambia. Taja kitu kimoja chenye siku yake: "Alhamisi nakwenda sokoni, nikuletee nini?" Au, "Jumamosi asubuhi nakuja kufua shuka."

Kisha kuna mtu mwingine ndani ya nyumba hiyo, na huyo ndiye tunayemsahau zaidi. Ni binti anayepita kimyakimya na beseni la maji, au mke anayekaa mlangoni akisikiliza. Amekuwa halali vizuri kwa miezi, na wageni wote wanauliza habari za mgonjwa. Mgeukie yeye, umwite jina, umuulize, "Na wewe je, umepumzika lini?" Zawadi kubwa tunayompa anayeuguza ni hii: mmoja wetu anakuja Dominika asubuhi kukaa na mgonjwa, yeye avae vizuri aende Misa, na akitoka asikimbilie nyumbani. Niliwahi kumwona mama mmoja akisimama nje ya kanisa baada ya ibada, anaongea na wenzake, anacheka, hana haraka. Kwangu mimi saa ile ilikuwa na uzito wa ibada.

Sakramenti zisichelewe

Katikati ya karne ya pili, Yustino mfiadini aliandika huko Roma jinsi Wakristo walivyokutana siku ya Jumapili, na jinsi mashemasi walivyowapelekea Ekaristi wale ambao hawakuweza kufika. Tunafanya jambo hilohilo. Mgonjwa anayetamani Komunyo mwandikishe kwa paroko, ikiwezekana apelekewe moja kwa moja kutoka Misa ya Dominika. Anayempelekea aende bila kupitia shughuli nyingine njiani. Nyumbani tayarisheni meza ndogo, kitambaa safi, msalaba na mshumaa, na glasi ya maji kwa mwenye shida ya kumeza. Waambieni pia wenye nyumba kwamba wazee, wagonjwa na wanaowauguza hawabanwi na saumu ya saa moja kabla ya Komunyo. Kanuni ya 919 inasema hivyo, na wapo wagonjwa wanaojinyima dawa na uji asubuhi nzima bila sababu.

Kuhusu Mpako wa Wagonjwa, sakramenti ambayo padre humpaka mgonjwa mafuta matakatifu na kumwombea, nasema kwa msisitizo. Familia nyingi huogopa kumwita padre, wakidhani mgonjwa akimwona ataelewa kwamba anakufa. Matokeo yake padre anaitwa usiku wa manane kwa mtu ambaye hawezi tena kuitikia "Amina." Kanuni ya 1004 inasema muumini anaweza kupakwa anapoanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee, na kupakwa tena akizidiwa au akipona kisha akaugua upya. Mtu anayekwenda kufanyiwa upasuaji kwa sababu ya ugonjwa mzito anaweza kuomba. Mzee anayezidi kudhoofika anaweza kuomba. Iseme habari hii mapema, katika ziara ya kawaida, siku ambayo hakuna mwenye hofu, ili mgonjwa mwenyewe aitake.

Fedha na siri

Mfuko utakuja wenyewe, maana watu wakiona kazi hutoa. Uwe na washika fedha wawili, si mmoja. Kilichotolewa kwa ajili ya wagonjwa kiende kwa wagonjwa: kanuni ya 1267 haituruhusu kukitumia kwa lengo jingine, hata paa la ukumbi likivuja. Waumini wasomewe kiasi kilichoingia na kilichotoka. Majina ya waliosaidiwa yasisomwe kamwe.

Wakati wa kuchagua wanaoamua nani asaidiwe, rudini kwenye Matendo ya Mitume sura ya 6. Wakristo waliosema Kiyunani walinung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume wakaagiza wachaguliwe watu saba, na majina yote saba ni ya Kiyunani. Upande uliosahauliwa ndio uliokabidhiwa ugawaji. Basi kama parokia yenu ina wageni wanaosali kwa lugha nyingine, au wapangaji wasiojulikana na wazee wa pale, wawepo kwenye meza hiyo.

Siri ina mlango mmoja unaovuja sana, nao ni maombi. "Tumwombee fulani, ndoa yake ina matatizo." Hilo ni sengenyo hata likifungwa kwa ishara ya msalaba. Kabla ya kutaja jina la mtu kwenye maombi ya waumini, muombe ruhusa. Lakini ukikuta mtoto anaumizwa au mtu anapigwa, hiyo si siri ya kutunza: paroko ajue, na wenye mamlaka ya kisheria wajue, siku hiyohiyo.

Yupo mama mmoja ambaye hawezi tena kutoka kitandani. Kila mwezi tunampelekea karatasi yenye majina ya wanaojiandaa kwa ubatizo, kwa idhini yao, na yeye anawaombea mmoja mmoja kwa rozari. Wengine huja kumwona kabla ya kubatizwa. Mtafutieni kila mnayemtembelea kitu cha kuipa parokia, kwa sababu anayepokea tu huchoka moyo.

Wanaotembelea nao huchoka. Mkutane mara moja kwa mwezi, mlipitie daftari jina kwa jina, na muulizane waziwazi nani kazidiwa. Aliyezidiwa apumzike bila kuulizwa maswali mengi, ila kabla hajaondoka aende ziara moja ya mwisho pamoja na atakayeshika nafasi yake, ili mgonjwa atambulishwe sura mpya na mtu anayemwamini.