Kujiandaa kwenda kusoma India: makaratasi, ubaguzi na kifo chenye utata

Vijana wetu wengi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo wanasoma Bengaluru, Pune, Delhi na Greater Noida, na takriban kila mwongozo wanaopewa kabla ya kuondoka huishia kwenye viza na ada. Mwongozo huu unaendelea mpaka mahali ambapo wazazi hawapendi kupazungumzia, yaani pale mwanafunzi anapokutwa amekufa na hakuna anayejua sababu, kwa kuwa maandalizi ya siku hiyo hufanywa nyumbani, kabla ya kufunga begi.

Tuanze na makaratasi. Wakala wa vyuo hulipwa kamisheni na chuo anachokupeleka, kwa hiyo usimtegemee yeye peke yake kukuambia kama chuo kinatambuliwa. Kwa Mtanzania, uliza TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, ambayo pia hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa wanaokwenda kusoma nje, kisha tazama orodha ya vyuo bandia inayotolewa na UGC, tume inayosimamia vyuo vikuu nchini India. Lipa ada kwenye akaunti ya chuo, si ya mtu. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, kwani msafiri anayetoka katika nchi yenye ugonjwa huo bila kadi anaweza kuwekwa karantini kwa hadi siku 6.

Ukishafika, mwenye viza ya zaidi ya siku 180 anatakiwa kujiandikisha FRRO, ofisi ya usajili wa wageni, ndani ya siku 14, na siku hizi hilo hufanyika mtandaoni. Mwenye nyumba naye anatakiwa kujaza fomu, ambayo wengi huiita Fomu C, ndani ya saa 24 kuarifu kwamba ana mpangaji mgeni. Usimwachie alegee katika hilo, hata akikwambia kwamba si lazima, kwa sababu mwanafunzi ambaye viza imeisha au hajasajiliwa huogopa kwenda polisi hata akipigwa, na wanaomwonea wanalijua hilo vizuri.

Kupata chumba ndipo ubaguzi utakapojitambulisha kwako. Mimi na mwenzangu tulizungumza na mwenye nyumba kwa simu tukaafikiana kila kitu, lakini tulipofika alikuwa amesimama kwenye ngazi na funguo mkononi, akatutazama, akazitia mfukoni na kusema chumba kimekwisha kuchukuliwa. Mwingine alituuliza kwanza tunakula nini. Utaitwa Mnigeria hata ukitokea Singida, na si mgeni peke yake anayepatwa na haya: Wahindi wa majimbo ya kaskazini mashariki hudharauliwa ndani ya nchi yao wenyewe kwa sura zao, na mwaka 2014 kijana wa Arunachal Pradesh alifariki jijini Delhi baada ya kupigwa kufuatia dhihaka juu ya mwonekano wake. Nalitaja hili kwa sababu ya kivitendo. Wanafunzi wa majimbo hayo mara nyingi wanajua mitaa ipi inapangisha bila vikwazo na kituo kipi cha polisi kinasikiliza, na mimi nilipata chumba kupitia mmoja wao.

Dharau ya ngazini inaumiza, lakini hatari kubwa ni uvumi unaofuata kifo. Machi 2017, huko Greater Noida, kijana mwenyeji wa sekondari alipotea, akarudi akiwa mgonjwa, akafa hospitalini kwa kilichodhaniwa kuwa dawa za kulevya. Kabla sababu haijathibitishwa, majirani walikuwa wameshawashutumu Wanigeria, wengine wakidai kuwa wanakula watu. Watano walishikiliwa, wakaachiwa kwa kukosekana ushahidi, na siku chache baadaye maandamano ya mishumaa yaligeuka kuwa kipigo kwa Waafrika ambao hata hawakumfahamu marehemu. Mwaka uliotangulia, pale Bengaluru, gari la mwanafunzi wa Sudan lilimgonga na kumuua mwanamke mwenyeji, na umati ukamshambulia mwanafunzi wa kike Mtanzania aliyepita pale baadaye kidogo. Kwa hiyo ukisikia kuna msiba wenye utata mtaani, usitoke peke yako, usisogelee mkusanyiko kutaka kuona, uarifu umoja wa wanafunzi, na ukitishwa piga 112.

Sasa, ikiwa aliyekufa ni mwenzenu. Niliwahi kufika kwenye chumba cha marehemu nikakuta wenzake wamekwisha kufagia, kukunja shuka na kuosha vikombe, kwa heshima tu, kama tunavyofanya nyumbani kabla wageni wa msiba hawajaingia. Polisi walipokuja hapakuwa na cha kutazama. Msiguse kitu. Funga mlango, piga picha ukiwa mlangoni, andika saa, majina ya waliokuwapo na aliyemwona mara ya mwisho, wala asiwepo wa kuchezea simu ya marehemu.

Kifo cha ghafla au chenye mashaka huchunguzwa na polisi chini ya kifungu cha 194 cha sheria mpya ya mwenendo wa jinai iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Usisaini maelezo yaliyoandikwa kwa Kihindi au Kikannada, lugha ya huko Bengaluru, usiyoweza kuyasoma. Mkiona dalili za jinai, mwenye taarifa aombe ifunguliwe FIR, ambayo ndiyo taarifa rasmi ya kosa. Kituo chochote kinapaswa kuipokea hata kama tukio si la eneo lake, na mtoa taarifa hupewa nakala bure. Wakikataa, barua hupelekwa kwa mkuu wa polisi wa wilaya, na baada yake kwa hakimu. Ubalozi nao uarifiwe siku hiyo hiyo. Mkataba wa Vienna wa 1963 unaitaka serikali mwenyeji iuarifu bila kuchelewa raia wake anapofariki, ila msikae kungoja barua ya serikali ifike.

Familia nyingi hukosea hapa, na siwalaumu, kwa kuwa wanataka mwili urudi nyumbani haraka. Mwili unaosafirishwa kwa ndege hutiwa dawa ya kuuhifadhi, na dawa hiyo huvuruga vipimo vya sumu, kwa hiyo uchunguzi wa pili nyumbani huenda usione kitu. Ombeni kwa maandishi, kabla ya dawa hiyo, kwamba sampuli za viungo vya ndani zichukuliwe na kupelekwa maabara, kisha andikeni namba ya kumbukumbu yake, kwa sababu majibu yanaweza kuchukua miezi. Ndugu asisaini karatasi inayosema kwamba familia haina shaka yoyote ikiwa shaka ipo.

Yote haya yanahitaji mtu nyumbani anayejua wa kumpigia. Kabla ya kuondoka, kata bima inayogharamia pia kusafirisha mwili, na weka kwenye bahasha nakala ya pasipoti, viza na barua ya chuo, namba za ubalozi, na barua fupi inayomtaja ndugu mmoja atakayezungumza kwa niaba ya familia. Afikiana naye pia siku ya kupigiana simu kila wiki, na usipopokea, ajue aanze na nani. Mama alipokea bahasha yangu akaitia chini ya khanga zake sandukuni, akasema hataki kuisikia. Shangazi ndiye aliyeitoa, akaisoma yote akiwa amesimama, kisha akaniuliza mbona namba ya mwenye nyumba haipo. Nilimtumia wiki tatu baadaye, jioni ile tuliyopata chumba.