Panga mazoezi ukianzia siku ya mbio, rudi nyuma

Kama unalenga Kilimanjaro Marathon usianze kupanga kuanzia leo, shika kalenda weka alama siku yenyewe ya mbio pale mwishoni mwa Februari halafu hesabu wiki 16 kurudi nyuma, utaangukia mwanzoni mwa Novemba. Wiki 2 za mwisho ni kupunguza kilomita tu uchovu utoke, kabla yake 5 za spidi ya mbio yenyewe, kabla yake 4 za vilima (ile sehemu ya njia ya mbio inayopanda kwenda kijiji cha Mweka haina huruma kabisa), na 5 za kwanza ni kukimbia polepole, ile spidi ambayo unapiga stori na mwenzio bila kuhema. Wengi wanairuka hii ya kwanza na ndo muhimu kuliko zote jamani, maana pumzi inakuja haraka ila kano na mifupa ya miguu inachelewa kuzoea, ukiwahi spidi ndo yale maumivu ya ugoko. Kila wiki ya nne shusha kilomita kama robo hivi. Ila kama zimebaki wiki 8 na hujawahi kukimbia, mpango huu haukufai, usizibane hatua zote humo, ingia zile mbio fupi za kilomita 5 za siku hiyo hiyo.