Kufungua na Kukaza Nati za Tairi Nyumbani kwa Namna Iliyo Sahihi

Anayeendesha gari katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania huitegemea breki kuliko anayeendesha kwenye tambarare. Mteremko wa Kitonga, kilima cha kutoka Ipogolo kupanda Iringa mjini, na barabara ya Uyole hadi Tukuyu yenye mvua na kona nyingi, zote huzipa breki na ringi kazi kubwa, na kinachoishikilia ringi kwenye habu, yaani kitovu cha chuma ambacho tairi hufungwa juu yake, ni nati nne, tano au sita tu. Kwa sababu hiyo kila mwenye gari anapaswa kujua kuzifungua na kuzikaza mwenyewe, hata kama ana fundi anayemwamini.

Kwanza ifahamike jinsi nati inavyofanya kazi. Inapokazwa, stadi, yaani bolti yenye uzi inayotokeza kwenye habu na kuingia ndani ya nati, huvutika kwa kiasi kidogo sana, na kwa kuwa chuma hutaka kurudi katika urefu wake, huigandamiza ringi kwenye habu kwa nguvu nyingi. Mgandamizo huo ndio unaobeba kazi yote. Nati ikilegea, ringi huchezacheza na kuzipinda stadi huku na huku hadi zikatike. Ikikazwa kupita kiasi, stadi huvutika isiweze kurudi tena, uzi wake huharibika, na diski ya breki inaweza kupinda, jambo ambalo dereva hulitambua kwa usukani kutetemeka anapofunga breki.

Andaa spana inayoenea sawasawa. Magari mengi ya Toyota hutumia soketi ya milimita 21, Honda na Subaru nyingi hutumia 19, na Volkswagen nyingi hutumia 17, tena hizo za mwisho huwa na bolti zinazoingia ndani ya habu badala ya nati. Chagua soketi yenye pembe sita, kwa kuwa yenye pembe kumi na mbili huila nati ngumu kwa urahisi. Pamoja nayo uwe na jeki, stendi ya kuegemeza gari, brashi ya waya, kitambaa kikavu na toki renchi, yaani spana yenye kipimo cha nguvu.

Viwanja vingi vya Mbeya na Iringa viko kwenye mwinamo, kwa hiyo usiinue gari mahali ulipolikuta tu. Lipeleke penye usawa na udongo mgumu, vuta handibreki, weka gia ya kwanza, au P kwa gari la otomatiki, kisha zuia kwa mawe makubwa au kabari za mbao, mbele na nyuma, tairi lililo upande wa pili kwa mshazari. Udongo ukiwa umelowa, weka ubao mpana chini ya jeki ili isizame.

Legeza nati wakati tairi bado liko chini. Izungushe kila moja kinyume na mwendo wa saa kwa nusu mzunguko, usiitoe. (Malori ya zamani kutoka Japani huwa na nati za upande wa kushoto zinazofunguka kwa kufuata mwendo wa saa, na wapo waliokata stadi za Fuso kwa kutolijua hilo.) Nati ikigoma, ipulizie mafuta ya kulegeza kutu, uyape muda yapenye, kisha ongeza bomba kwenye mpini wa spana. Bomba hilo ni la kufungulia tu. Likitumika kukazia, huna namna ya kujua umetia nguvu kiasi gani.

Inua gari penye alama ya jeki, weka stendi, kisha toa nati na tairi. Usiingize mguu wala mkono chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa na wengi, nami naiona muhimu kuliko zote. Tope jekundu la huku hukauka kati ya ringi na habu, hukutana na kutu, na vyote viwili hufanya tabaka jembamba. Ukikaza juu ya tabaka hilo, toki renchi itaonyesha kipimo sahihi, lakini baada ya mwendo wa muda mfupi uchafu utasagika, nafasi itapatikana na nati zitakuwa zimelegea. Sugua uso wa habu na nyuma ya ringi hadi chuma kionekane, sugua uzi wa kila stadi, kisha pangusa kwa kitambaa kikavu. Usipake grisi wala oili kwenye uzi, isipokuwa kitabu cha gari kimesema hivyo, kwa maana vipimo vingi vimewekwa kwa uzi mkavu. Penye mafuta msuguano hupungua, na kipimo kilekile huivuta stadi kupita ilivyokusudiwa. Kama ulitumia mafuta ya kulegeza kutu, yafute yote.

Angalia pia uso wa nati unaokaa kwenye ringi. Nyingine zina umbo la koni, nyingine la mviringo, nyingine ni bapa zenye washa (pete bapa ya chuma), na kila umbo lina ringi yake. Upande wa koni huelekea kwenye ringi siku zote.

Anza kila nati kwa vidole, iende mizunguko kadhaa bila kulazimishwa. Kisha zikaze kiasi kwa spana kwa kurukia upande wa pili: kama ni tano, fuata ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya pili na ya nne. Shusha gari hadi tairi liguse chini na lisizunguke, halafu kamilisha kwa toki renchi kwa mpangilio uleule, kwanza nusu ya kipimo, kisha kipimo chote. Kwa Toyota nyingi ndogo kipimo ni nyutoni mita 103. Kwa gari lako soma kitabu chake. Toki renchi ikilia mara moja, acha.

Asiye nayo apige hesabu hii: kwa spana yenye urefu wa sentimita 30, nyutoni mita 103 ni sawa na kuegemea mwisho wa mpini kwa uzito wa kilo 35 hivi. Mtu wa kilo 70 anayesimama juu ya spana hiyo amekwisha tia mara mbili ya kinachohitajika, hata kabla hajaruka. Kaza basi kwa mikono, kisha upitie gereji yenye kipimo mapema iwezekanavyo.

Baada ya kilomita 50 hadi 100 kagua tena, gari likiwa limepoa. Aliyebadilisha tairi Iringa akielekea Mafinga akague huko huko, na aliyetoka kushuka Kitonga asubiri habu ipoe kwanza. Nati ikizunguka kidogo mara hiyo moja, si ajabu. Ikizunguka tena katika ukaguzi wa pili, usiendelee kuikaza: toa tairi, tazama kama matundu ya ringi yamepanuka au stadi imevutika, na kilichoharibika kibadilishwe kabla gari halijarudi barabarani.