Namna ya Kulinda Chujio la Figo katika Familia Yenye Historia ya Ugonjwa

Anayetaka kulinda figo za watu wa nyumbani kwake aanze kwa kuandika habari za ukoo wake, kabla ya kufikiria dawa yoyote. Keti na bibi au mjomba mwenye kumbukumbu nzuri, umuulize ni nani katika vizazi vitatu aliyevimba uso na miguu, aliyewahi kusafishwa damu kwa mashine, au mtoto aliyeanza kuvimba akiwa na miezi michache tu. Andika pia kama wazazi wa mgonjwa huyo walikuwa ndugu wa damu, maana baadhi ya magonjwa haya hujitokeza pale tu mtoto anaporithi nakala yenye kasoro ya jeni (maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli) kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Uliza kwa faragha na kwa heshima, kwa kuwa zipo familia ambazo bado huhusisha uvimbe wa namna hiyo na kurogwa.

Karatasi hiyo ina thamani kwa sababu ya jinsi figo ilivyoumbwa. Kila figo ina vichujio takribani milioni moja, na figo mbili kwa pamoja huchuja kama lita 180 za majimaji kwa siku, ambayo karibu yote hurudishwa katika damu. Kila kichujio kimefunikwa kwa nje na seli ziitwazo podosaiti, ambazo vijiguu vyake hupishana kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana, na katika mianya iliyobaki umetandazwa utando mwembamba unaozuia protini isitoroke kwenda kwenye mkojo. Jeni ya NPHS1 ndiyo inayobeba maelekezo ya kutengeneza nefrini, protini kuu ya utando huo, na NPHS2 hubeba maelekezo ya podosini, inayoishikilia nefrini mahali pake. Jeni nyingine, KLF15, huisaidia podosaiti kubaki imekomaa na kustahimili majeraha. Panya wa maabara walioondolewa jeni hiyo waliharibika vichujio kwa urahisi zaidi. Ulinzi huu ni wa lazima, kwa sababu podosaiti iliyokufa haipati mbadala kwa urahisi.

Mtoto mwenye kasoro katika NPHS2 kwa kawaida haitikii predinisoloni, dawa ambayo hutumika mara nyingi kwa watoto wanaovuja protini kwenye mkojo na kuvimba. Kwa hiyo daktari anayeona katika karatasi yako kwamba kaka wa mgonjwa naye alivimba na hakupona kwa dawa hiyo ana sababu ya kumpa rufaa mapema, badala ya kuendelea kumpa dawa yenye madhara mengi.

Jeni ya APOL1 inastahili kuelezwa kwa kirefu zaidi, kwani inagusa historia ya Afrika. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba aina mbili za jeni hii, G1 na G2, huongeza hatari ya ugonjwa wa figo kwa mtu aliyerithi nakala mbili, ilhali protini zake zina uwezo wa kuua vimelea vya malale vinavyoenezwa na mbung'o katika ukanda huu wa Afrika Mashariki. Ajabu ni kwamba aina hizo zimeenea zaidi Afrika Magharibi kuliko kwetu. Hata hivyo, wengi wenye nakala mbili hawaugui kamwe, kwa kuwa huhitajika kichocheo cha pili, na kinachofahamika vizuri zaidi ni maambukizi ya VVU yasiyotibiwa. Anayeishi na VVU na kumeza dawa zake kila siku analinda vichujio vyake pia.

Hatua inayofuata ni kupima mkojo, na usisubiri uvimbe wala povu kwenye mkojo. Beba mkojo wa kwanza wa asubuhi, na omba kipimo cha uwiano wa albumini (aina ya protini) na kreatinini (taka itokayo kwenye misuli) pale kinapopatikana, kwa sababu kijiti cha kawaida cha zahanati huweza kukosa kiasi kidogo cha protini. Uwiano usiozidi miligramu 30 kwa gramu ni wa kawaida. Usipime ukiwa na homa, ukiwa katika hedhi au mara baada ya kazi nzito, na matokeo yakiwa juu yarudiwe. Pima pia shinikizo la damu, sukari, na selimundu kama ipo katika ukoo.

Mkulima wa zabibu wa Hombolo au wa mpunga wa Bahi, mkoani Dodoma, anayeshinda juani bila maji ya kutosha, kisha akameza diklofenaki, dawa ya maumivu, kila jioni kwa ajili ya mgongo, anaziweka figo zake katika hatari ambayo jeni nzuri pekee haiwezi kuizuia. Dawa za shinikizo la damu kama losatani hupunguza uvujaji wa protini, lakini ni ya kuandikiwa na daktari, na mjamzito haruhusiwi kuitumia.

Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilianza kupandikiza figo mwaka 2018. Ndugu anayejitolea kumpa mgonjwa figo aende na karatasi ileile ya ukoo na aulize waziwazi kama ugonjwa huo ni wa kurithi, kwa kuwa huenda yeye mwenyewe amebeba kasoro ileile bila dalili yoyote.