Nyigu wa Cotesia na bungua wa mahindi: pasua bua kabla ya kupulizia dawa

Mkulima wa Kahe au Mabogini, kwenye tambarare za Moshi nchini Tanzania, anapoona majani machanga ya mahindi yana matundu madogo yaliyojipanga mstari, kisha kiini cha mmea kinakauka na kuchomoka kirahisi kikivutwa, hujua kwamba bungua wa mabua, yaani kiwavi wa nondo anayetoboa bua, ameingia shambani, na mara nyingi hukimbilia duka la pembejeo. Tunashauri kwamba kabla ya kununua chochote ang'oe mimea kadhaa iliyoathirika kutoka pande tofauti za shamba, apasue mabua kwa urefu na kuchunguza kila njia iliyochimbwa ndani yake.

Katika baadhi ya njia hizo atakuta kiwavi mzima anayekula. Katika nyingine huenda akakuta kiwavi aliyenyauka, na pembeni yake kifungu cha vifukofuko vyeupe vya milimita chache tu, vilivyoshikamana kwa nyuzi laini kama pamba. Wakulima wengi hudhani hayo ni mayai ya mdudu mharibifu, wakavisaga au kuvitupa motoni, na hiyo ni hasara kubwa. Nondo wa bungua hutaga mayai juu ya jani au nyuma ya ala ya jani, wala hatagi ndani ya bua. Vifukofuko hivyo ni vya nyigu wa jenasi ya Cotesia, adui wa asili wa viwavi wa nondo. Mwenye shaka aviweke katika chupa safi, afunge mdomo wake kwa kitambaa chepesi na kuiacha kivulini. Kwa kawaida ndani ya wiki moja hutoka nyigu weusi wadogo mno, ambao hawamdhuru mtu wala mmea.

Nyigu jike huvutwa na harufu ya mmea ulioshambuliwa na ya kinyesi cha kiwavi, akatembea juu ya bua mpaka aone tundu, kisha akaingia ndani kumfuata bungua mwenyewe. Humdunga mayai, ambayo kwa Cotesia flavipes huwa kama 30 hadi 40, pamoja na virusi vinavyodhoofisha kinga ya kiwavi. Mabuu hukua ndani ya kiwavi aliye hai kwa takriban siku 10 hadi 15 kulingana na joto, kisha hutoboa ngozi yake na kusuka vifukofuko nje.

Aina ya nyigu hutegemea pia aina ya bungua. Ukanda wa chini wenye joto hutawaliwa zaidi na Chilo partellus, nondo aliyetoka Asia, na ndiyo maana mwaka 1993 watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu chenye makao Nairobi, walimwachia huko pwani ya Kenya Cotesia flavipes aliyeletwa kutoka Pakistan. Baadaye alionekana pia kaskazini mwa Tanzania. Kwenye miinuko ya Kilimanjaro na Meru anayesumbua zaidi ni Busseola fusca, ambaye seli za damu yake huyazingira mayai ya nyigu huyo mgeni na kuyaua. Huko tegemeo ni Cotesia sesamiae, mwenyeji wa Afrika, ambaye koo zake za bara zimezoea kuishinda kinga hiyo.

Jambo tunalolisisitiza kuliko yote ni wakati wa kupulizia. Bungua akishazama ndani ya bua, dawa ya kupuliza haimfikii tena, ilhali nyigu anayetembea juu ya bua hilo akitafuta tundu hufa mara moja, kwa hiyo mkulima hulipia dawa inayomlinda mharibifu. Kama ni lazima kutibu, afanye hivyo viwavi wakiwa bado wadogo kwenye kiini cha mmea, kati ya majani machanga, atibu mimea iliyoshambuliwa tu, na achague unga wa mbegu za mwarobaini au dawa inayowekwa ndani ya kiini hicho pekee. Kupulizia shamba zima kila wiki kwa hofu ya viwavijeshi vamizi, walioingia Tanzania mwaka 2017, huwaangamiza hata nyigu hawa.

Nyigu mzima huishi siku chache na hula nekta, hivyo kingo zenye mimea inayochanua, kama giligilani, zisifyekwe zote kwa wakati mmoja. Majani ya tembo yaliyopandwa pembezoni kwa ajili ya ng'ombe yana faida ya ziada: nondo huvutwa kutaga hapo, lakini viwavi wengi hawafiki ukubwani.

Baada ya mavuno, mabua yasiachwe yamesimama shambani hadi msimu ujao, kwani Busseola hulala humo wakati wa kiangazi. Yakatwekatwe kwa ajili ya mifugo au yalazwe juani kwa wiki kadhaa, na vifukofuko vyeupe vitakavyoonekana wakati wa kukata vitengwe katika kikapu kivulini, mbali na siafu, hadi nyigu watakapotoka.