Kabla Mtoto Hajaanza Darasa la Kwanza: Tuanze na Uzito

Chanjo ya surua na rubela ya miezi 18 ikishapita, wazazi wengi huaga kliniki. Tangu hapo mtoto anapimwa kwa macho, na macho yetu yanapenda mtoto bonge: huyo ndiye aliyelelewa, mwembamba mwenzake anaulizwa kama kwao wanakula. Kwa hiyo kabla ya kushona sare, mpelekeni akapimwe kilo na urefu.

Hesabu ya kulinganisha kilo na urefu (BMI) ni fupi: kilo unazigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo. Mvulana wa miaka 6 mwenye kilo 25 na urefu wa mita 1.15 anapata 18.9. Baba yake akipata namba hiyo, apongezwe. Lakini kwa mvulana wa umri huo, viwango vya Shirika la Afya Duniani vinaweka mpaka wa kiribatumbo (unene uliopindukia) kwenye 18.5, na ameshauvuka. Jedwali la watu wazima halimhusu; mwombeni muuguzi au ofisa lishe asome la umri na jinsia yake. Na miguu yote miwili ikiminywa kwa kidole gumba ikabaki na shimo, huo si unene bali ni uvimbe, pengine wa utapiamlo. Hospitali siku hiyohiyo.

Begi la shule nalo lina mambo yake. Soda ya mililita 300 hubeba sukari ya vijiko vya chai kama 7, na juisi nyingi za boksi haziko mbali. Abebe maji, kiazi kitamu, yai au ndizi. Ulizeni kantini inauza nini, muamue kuhusu pesa ya matumizi kabla hajaizoea. Bibi na dada wa kazi waambiwe mapema, maana biskuti za kumbembeleza hutoka kwao. (Kwa bibi, aseme mwanawe mwenyewe, si mkwe.)

Usingizi husahaulika. Anahitaji walau saa 9 kwa usiku. Kama gari la shule linamwamsha saa 11 alfajiri, saa 2 usiku awe amelala, simu na runinga zimezimwa. Kucheza na kukimbia, dakika 60 kila siku.

Akikutwa amevuka mpaka, asilazwe njaa wala kunyweshwa chai za kupunguza mwili zinazouzwa mitandaoni. Mara nyingi lengo la ofisa lishe huwa kuzuia kilo zisiongezeke ovyo wakati mtoto anarefuka.